Si ya tumbo moja: asili ya migongo iliyo chini ya Bahari ya Hindi

Swali la msomaji:

"Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari mkoani Lindi. Juzi tulikuwa tunaangalia kwenye simu yangu ile ramani inayoonyesha sakafu ya Bahari ya Hindi kana kwamba maji yameondolewa. Mwanafunzi mmoja akaniuliza swali likanishinda. Kitabu kinasema migongo ya bahari hutokea pale mabamba, yaani vipande vikubwa vya ganda la dunia, yanapoachana. Lakini kwenye ramani kuna migongo chungu nzima: mmoja una umbo la Y iliyopinduliwa, mwingine umenyooka kama uliopigwa rula upande wa India, na mwingine unapita hapa hapa jirani, kati ya Msumbiji na Madagascar. Je, kote huko mabamba yanaachana? Na ni kweli kwamba hiyo ni milima ya nchi kavu iliyozama?"

Jibu:

Mwalimu, mpe huyo mwanafunzi hongera zangu. Ameona kwa macho yake jambo ambalo vitabu vingi vya kiada hulifunika kwa sentensi moja. Kati ya migongo mitatu uliyoitaja, ni ile Y tu inayolingana na maelezo ya kitabu. Ule ulionyooka kama rula ni alama ya bamba lililopita juu ya moto. Huu wa jirani yetu ni kovu lililobaki Madagascar ilipotuaga. Neno "mgongo" linataja umbo, halitaji uzazi, na ndiyo maana linawachanganya watu.

Kuhusu kuzama, majibu yamepinduka kinyume na watu wengi wanavyodhani. Ile Y, ambayo ndiyo kubwa kuliko yote, haijapata kuwa nchi kavu. Ule ulionyooka, angalau sehemu zake, ulikuwa na visiwa vyenye mimea, na umezama kweli.

Nianze na Y, maana usipoielewa hiyo na mingine itakupiga chenga.

Tafuta kisiwa cha Rodrigues, mashariki ya Mauritius, kisha shuka kuelekea kusini-mashariki mpaka karibu latitudo 25.5 kusini na longitudo 70 mashariki. Hapo ndipo mikono mitatu inapokutana. Mmoja unapanda kaskazini, unapita kati ya Seychelles na visiwa vya Chagos, halafu unapinda kuelekea Ghuba ya Aden. Wa pili unakwenda kusini-magharibi, unapita chini ya Madagascar na Afrika Kusini mpaka Atlantiki. Wa tatu unakwenda kusini-mashariki, kati ya Australia na Antaktika, na kuingia Pasifiki. Kwa hiyo unachokiona Bahari ya Hindi ni kipande tu cha mnyororo unaoizunguka dunia kwa takriban kilomita 65,000.

Wanafunzi wengi hudhani magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inapanda kwa nguvu na kuyasukuma mabamba yaachane, kama kabari inavyopasua gogo. Hata mimi nilifundishwa hivyo. Hali ilivyo hasa ni kinyume chake. Mabamba huvutwa zaidi na kingo zake za zamani, zilizopoa na kuwa nzito, zinapodidimia mahali pengine, kama kule Sumatra na Java. Yanapovutwa, pengo linataka kufunguka katikati, na mwamba wa chini, yaani mantili, unapanda kuliziba.

Mantili si uji. Ni mwamba mgumu, wenye joto la nyuzi 1,300 hivi, unaotiririka polepole sana huku ukiwa mgumu vile vile. Kinachouzuia usiyeyuke ni kugandamizwa. Fikiria sufuria ya presha: maji yaliyomo ndani yana joto kupita nyuzi 100, lakini hayatokoti ovyo kwa sababu mfuniko umeyabana. Ukiachia presha ghafla, yanachemka pale pale bila wewe kuongeza moto. Mwamba wa mantili nao ndivyo ulivyo. Unapopanda, mzigo ulio juu yake unapungua, na sehemu ndogo yake, pengine kama moja ya kumi, inayeyuka. Hakuna jiko jipya lililowashwa chini. Kilichobadilika ni mgandamizo. Ujiuji huo hukusanyika, hupenya kwenda juu na kugandia kwenye pengo, nalo ganda jipya la basalti, mwamba mweusi wa volkano, lenye unene wa kilomita 6 au 7 linakuwa limezaliwa.

Sasa, kwa nini mahali panapoachana pawe mlima badala ya shimo? Hili ndilo swali ambalo ningependa mwanafunzi alale nalo.

Jibu ni joto. Mwamba uliopashwa moto hutanuka, na uliotanuka ni mwepesi kuliko uliopoa, kwa hiyo huelea juu zaidi. Mgongo wa katikati ya bahari haukujengwa kwa kurundika mawe kama kichuguu. Umevimba. Chapati ikiwa kwenye moto huinuka, ukiitoa huanguka taratibu. (Chapati huinuliwa na mvuke, mwamba huinuliwa na kutanuka, kwa hiyo mfano huu usiubebe mbali sana.) Kila kipande cha sakafu huzaliwa kileleni kikiwa cha moto, halafu husogea pembeni, hupoa, hunywea na kushuka. Mteremko wote wa mgongo ule, mamia ya kilomita kila upande, ni picha ya kupoa.

Tena kupoa huko kuna hesabu yake, na unaweza kuifanya ubaoni. Chukua umri wa sakafu kwa mamilioni ya miaka, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 350, kisha jumlisha 2,500. Unapata kina cha sakafu kwa mita. Kileleni umri ni sifuri, kina ni mita 2,500. Sakafu ya miaka milioni 1 iko kwenye mita 2,850. Ya milioni 25, mita 4,250. Ya milioni 64, mita 5,300. Hesabu hiyo inakubali mpaka umri wa miaka milioni 70 hivi, baada ya hapo sakafu hushuka kwa uvivu zaidi. Kwa kweli sijui hesabu nyingine ya jiolojia iliyo rahisi hivi na inayofanya kazi katika bahari zote.

Ukiishika hesabu hiyo, suala la kuzama linajijibu. Kilele cha ile Y kilizaliwa kikiwa tayari mita 2,500 chini ya maji. Hakikuzama kutoka juu. Mahali pachache tu duniani ambapo moto wa ziada umekiinua mpaka kikachomoza, Iceland ikiwa mfano mkubwa.

Kuna mahali pengine, na hapo ni karibu zaidi na sisi. Ufuate mkono wa kaskazini mpaka Ghuba ya Aden, uingie nao Ghuba ya Tadjoura, utauona unapanda nchi kavu Djibouti, kwenye Ziwa Assal, ambalo uso wake uko karibu mita 155 chini ya usawa wa bahari. Novemba 1978 ardhi ya hapo ilipasuka na volkano ya Ardoukoba ikalipuka kwa siku chache. Ukivuka mpaka na kuingia Afar, upande wa Ethiopia, kuna tukio kubwa zaidi. Septemba 2005 mpasuko wa kilomita 60 hivi ulifunguka eneo la Dabbahu, na katika wiki chache tu kingo zake zikaachana kwa mita kadhaa, mahali pengine mpaka 8. Magma ilijaza pengo hilo chini kwa chini, na kilichotoka juu kilikuwa kidogo sana. Kwa hiyo tukisema mabamba yanaachana kwa sentimita mbili kwa mwaka, huo ni wastani wa kwenye karatasi. Miaka nenda rudi yanavutana bila kuachia, halafu siku moja yanalipa deni la karne kadhaa kwa mkupuo.

Hata Tanzania tumeonja hilo. Julai na Agosti 2007, kusini mwa Ziwa Natron, mlima Gelai ulitikisika wiki kadhaa, na tetemeko kubwa la mfululizo ule, ukubwa wa 5.9, lilisikika mpaka Nairobi. Magma ilikuwa inapenya chini bila kutoka. Septemba ile ile Oldoinyo Lengai, jirani yake, ukaanza kulipuka na kumwaga majivu. Bonde la Ufa na mgongo wa bahari ni ukoo mmoja, ila bonde letu bado mtoto na linafunguka kwa milimita chache kwa mwaka.

Ukoo huo uligunduliwa mezani, na hadithi yake inafaa kusimuliwa darasani. Mwaka 1952, New York, Marie Tharp alikuwa anachora sakafu ya Atlantiki kutokana na vipimo vya kina vilivyoletwa na meli. Wanawake wakati ule hawakuruhusiwa kupanda meli hizo. Akaona katikati ya mgongo kuna bonde, mstari baada ya mstari, mahali pale pale. Mwenzake Bruce Heezen alilipuuza wazo hilo akaliita soga za wasichana. Baadaye walipolinganisha ramani yake na ramani ya vitovu vya matetemeko, matetemeko yakawa yamejipanga ndani ya lile bonde. Walipoufuata mstari wa matetemeko ukawaleta Ghuba ya Aden na kuingia Afrika Mashariki, kwenye Bonde la Ufa ambalo watu walikuwa wanalifahamu na kulitembea kwa miguu.

Ushahidi uliofunga kesi ulitoka kwenye bahari yetu hii. Sehemu ya juu ya ule mkono wa kaskazini wa Y inaitwa mgongo wa Carlsberg, na ndiyo, ni jina la wale wa bia. Meli ya Denmark iitwayo Dana ilizunguka dunia kati ya 1928 na 1930 chini ya Johannes Schmidt, kwa fedha za mfuko wa Carlsberg, na mgongo walioupima wakaupa jina la mfadhili. Pombe imechangia sayansi kuliko inavyokubalika mezani kwetu.

Novemba 1962 meli ya Uingereza, Owen, ilikwenda kupima kipande cha kilele cha mgongo huo, eneo la kama maili 50 kwa 40 za baharini, nyuzi tano na kidogo kaskazini ya ikweta. Ilikwenda na kurudi kama mtu anayelima matuta, ikivuta nyuma yake kipimo cha sumaku. Drummond Matthews, aliyekuwa melini, alirudi Cambridge na vipimo hivyo, akamwachia mwanafunzi wake Fred Vine avifanyie hesabu. Vine akakuta vilima viwili vya volkano vilivyo chini ya maji, jirani kabisa, vyenye sumaku mbili tofauti: kimoja kimeelekea kama sumaku ya dunia ya leo, kingine kimeelekea kinyume.

Basalti inapoganda, chembe za chuma ndani yake hujipanga kwa kufuata sumaku ya dunia ya wakati huo na kubaki hivyo. Sumaku ya dunia yenyewe huwa inageuka, kaskazini ikawa kusini. Mara ya mwisho ilikuwa miaka 780,000 iliyopita. Basi kama ganda linazaliwa katikati na kusogea pande zote mbili, lazima sakafu iwe na mistari kama kikoi, mstari wa leo katikati, wa kinyume kila upande, na kuendelea, pande mbili zikifanana. Vine na Matthews waliandika hivyo katika jarida la Nature, Septemba 1963. Lawrence Morley wa Kanada alikuwa amefikia wazo hilo hilo mwaka ule ule, na majarida mawili yakamkatalia.

Fanya hesabu na wanafunzi wako. Carlsberg unafunguka kwa karibu sentimita 2.5 kwa mwaka. Zidisha kwa miaka 780,000 utapata kilomita 19.5. Mstari wa katikati unatakiwa uwe na upana wa kama kilomita 20. Mikono mingine miwili ina mwendo wake. Wa kusini-mashariki unakimbia, sentimita 6 mpaka 7 kwa mwaka, kilele chake ni laini. Wa kusini-magharibi unajikokota, sentimita moja na nusu tu, na mahali pengine magma haitoshi kabisa kuziba pengo, mwamba wa mantili wenyewe ukabaki wazi sakafuni. Kwenye picha utaona mkono huo umekwaruzwakwaruzwa kama njia ya ng'ombe.

Sasa tuje kwenye rula.

Ule mstari upande wa mashariki ya India unaitwa mgongo wa Tisini Mashariki, kwa sababu umelala karibu sambamba na longitudo 90. Una urefu wa kama kilomita 5,000. Kunyooka kwake kuliwasumbua watu sana mwanzoni, maana asili haipendi rula. Ungekuwa wa aina ya Y, umri wa miamba yake ungeongezeka kadiri unavyotoka kileleni kwenda kushoto na kulia. Walipotoboa kwa meli za utafiti, wakakuta umri unabadilika kwa urefu wake. Kaskazini, karibu nyuzi 5 juu ya ikweta, miamba ina takriban miaka milioni 80. Kusini, nyuzi 31 chini ya ikweta, ina milioni 43 hivi.

Fundi cherehani ataelewa haraka kuliko profesa. Sindano iko pale pale, inapanda na kushuka. Kinachosogea ni kitambaa, na mshono unakuwa mrefu. Sindano hapa ni kitovu cha joto cha Kerguelen, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, mahali ambapo mwamba wa moto unapanda kutoka chini sana. Kitambaa ni bamba la India, lililokuwa linakimbilia kaskazini kwenda kuigonga Asia. Kila volkano ilijengwa juu ya kitovu, ikachukuliwa na bamba, nyingine ikajengwa nyuma yake. Nyuzi 36 za latitudo ni karibu kilomita 4,000. Gawanya kwa miaka milioni 37 upate kama sentimita 11 kwa mwaka. India ilikuwa na haraka. Kwamba mstari huo umeangukia longitudo 90 ni bahati tu, India ilielekea kaskazini na sisi binadamu tukachora mistari yetu kaskazini-kusini.

Huu ndio uliozama. Mwaka 1972 meli Glomar Challenger ilitoboa kwenye mgongo huo nyuzi 11 kusini ya ikweta, mahali penye maji ya kina cha zaidi ya mita 1,600. Walipita matope ya bahari kuu, wakafika kwenye matope ya maji mafupi, halafu chini yake wakakuta makaa machanga ya mawe na chavua za mimea. Makaa hayaoti baharini. Karibu miaka milioni 60 iliyopita pale palikuwa na kisiwa chenye vinamasi na majani yanayooza, kama pembezoni mwa mto wowote wa pwani. Kisiwa hicho hakikufanya kosa lolote. Kilikuwa kimekaa juu ya sakafu iliyokuwa inapoa, na sakafu ikashuka nacho, kwa hesabu ile ile ya kipeuo.

Kitovu kingine, cha Réunion, kimeacha mshono ambao umekatwa katikati. Kilianza na mafuriko ya lava ya Dekani nchini India, miaka milioni 66 iliyopita. Kikafuatia Maldives, takriban milioni 57, halafu Chagos, milioni 49. Baada ya hapo ule mgongo unaofunguka wa Y ukapita katikati ya mshono, ukaacha kipande kimoja upande wa India na kingine upande wa Afrika. Upande wetu mshono unaendelea na Saya de Malha na Nazareth, kisha Mauritius, mpaka Réunion yenyewe ambako Piton de la Fournaise bado unatapika. Saya de Malha ni mahali pa kushangaza: eneo la zaidi ya kilomita za mraba 40,000 katikati ya bahari, hakuna kisiwa, lakini pengine kina hakifiki hata mita 10 na nyasi za baharini zimejaa. Volkano ilizama, matumbawe yakawa yanajenga juu yake kadiri inavyoshuka. Maldives ni hadithi hiyo hiyo, tofauti ni kwamba kule matumbawe yameifukuzia bahari mpaka juu.

Hapo hapo, mwisho wa kaskazini wa safu hiyo, kuna Seychelles, na mwanafunzi akidhani nayo ni volkano tu kama jirani zake utamwelewa. Mawe makubwa ya Mahé na La Digue ni itale ya miaka milioni 750, sawa na mwamba wa bara. Ni kipande cha nchi kilichodondoka India na Madagascar zilipokuwa zinaachana, kisha India na Seychelles nazo zikaachana. Kwenye picha ya simu kimeungana na Saya de Malha kama mgongo mmoja wenye umbo la mwezi mwandamo. Umbo moja, asili mbili.

Na wetu? Huo wa kati ya Msumbiji na Madagascar unaitwa mgongo wa Davie, una urefu wa zaidi ya kilomita 1,000. Hapo hapakuachana kitu kwa kutazamana, wala hakuna kitovu kilichoujenga kama mshono. Madagascar ilikuwa imebanana na pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania. Kuanzia kama miaka milioni 160 iliyopita ikaanza kuteleza kusini, ubavu wake ukisuguana na ubavu wa Afrika, mpaka ilipotulia karibu milioni 120 iliyopita. Watu wawili wakipishana kwenye mlango mwembamba, mmoja hukwaruza ukuta. Mgongo wa Davie ni mkwaruzo huo. Ukingo uliokandamizwa na kusukumwa ukabaki umeinuka. Wataalamu walipokwangua mawe kutoka kwenye mteremko wake walipata, pamoja na ya volkano, miamba ya bara iliyogeuzwa kwa joto na mgandamizo, jamaa wa miamba unayoiona ukitoka Lindi kwenda Nachingwea. Kwamba mstari wenyewe wa kupishana ulipita wapi hasa mbele ya pwani ya Tanzania, bado wanabishana, na kila kampuni ya gesi ikileta vipimo vipya ubishi unaanza upya.

Ila kovu hili halijalala. Ufa wa Afrika Mashariki una tawi linalopita baharini, na nyufa za zamani ndizo rahisi kufunguka. Mbele ya visiwa vya Kerimba, kaskazini mwa Msumbiji, kuna bonde la ufa kamili chini ya maji, likienda sambamba na Davie. Tetemeko la 12 Agosti 2020, lenye ukubwa wa karibu 6, lililowatoa watu kwenye maghorofa Dar es Salaam, kitovu chake kilikuwa baharini, kusini-mashariki ya jiji, katika ukanda huo mpana wa nyufa.

Mwanafunzi wako akiuliza kama kuna mgongo unaojengwa zama zetu hizi, mpeleke Mayotte, kisiwa kilicho kati ya Msumbiji na Madagascar. Mei 2018 matetemeko yalianza kule bila onyo, moja likafika 5.8, watu wakawa wanalala nje. Kisiwa kikaanza kushuka na kusogea mashariki. Mwaka 2019 meli ya utafiti ilipokwenda ikakuta, kilomita 50 mashariki ya kisiwa, mlima wa mita 800 hivi kwenye sakafu ambayo vipimo vya zamani vilionyesha iko tambarare, mita 3,500 chini. Leo unaitwa Fani Maoré. Upo kwenye ncha ya mgongo wa volkano unaotoka Mayotte kwenda mashariki, kwa hiyo tumeuona mgongo ukiongezewa kilima kizima ndani ya mwaka mmoja.

Na akitaka kuishika kwa mkono, basi ni Oman, na najua Watanzania wenye ndugu kule si wachache. Milima ile ya rangi ya kahawia iliyokolea inayoizunguka Muscat ni mantili iliyopandishwa nchi kavu. Ni sakafu ya bahari ya miaka milioni 96 hivi iliyosukumwa juu ya Uarabuni badala ya kudidimia. Nilikwenda bonde la Wadi Jizzi, nyuma ya Sohar, ambako lava iligandia ndani ya maji ikawa kama mito ya kulalia iliyorundikwa, kila mmoja na ganda lake la kioo kilichochakaa kwa nje. Nilitia kidole kwenye mwanya kati ya mito miwili. Tumbo la mto wa juu lilikuwa limebonyea likafuata umbo la wa chini, kwa sababu ulipomwagika ulikuwa bado laini. Shaba iliyochimbwa pale tangu enzi za Magan, jina la kale la Oman, iliwekwa na chemchemi za moto za sakafu hiyo hiyo. Wenzetu wengine wanasema Oman haikuwa mgongo wa kawaida, ilizaliwa juu ya bamba lililokuwa limeanza kudidimia. Nadhani wana hoja, lakini mito ya lava ni ile ile.

Jambo moja kuhusu ile picha ya simu. Sehemu kubwa haikupimwa na meli. Satelaiti hupima uso wa bahari, ambao huinuka kidogo juu ya milima kwa sababu mlima huvuta maji, na kompyuta inakisia sakafu. Ni karibu robo tu ya sakafu ya dunia iliyopimwa kwa sauti kutoka melini. Kwa hiyo picha inaonyesha kilichochomoza tu. Mwambie mwanafunzi aufuate ule wa Tisini Mashariki kwenda kaskazini. Utampotea karibu nyuzi 10 juu ya ikweta, kama uliishia hapo. Haukuishia. Umeendelea mamia ya kilomita zaidi chini ya matope ambayo Ganges na Brahmaputra zimekuwa zikiyabeba kutoka Himalaya na kuyamwaga Ghuba ya Bengal.